Nilipowapanga Watu kwa Gredi

Iko siku moja, Wanjiru mwanangu, ambayo nimeibeba kifuani tangu ujana wangu, na wiki hii imenirudia kila asubuhi kabla hata sijavaa viatu. Imerudi kwa sababu yako. Jumapili ulipokuja kutusalimia hapa Nyeri ulikaa jikoni, ukaweka simu mezani, ukaniambia kwa furaha kwamba umepandishwa cheo pale Kenol mnapopakia avokado za kupelekwa ng'ambo. Sasa una watu kumi na wawili chini yako. Ukaniambia kila mmoja alijibu maswali kwenye kompyuta, na kompyuta ikasema yeye ni mtu wa aina gani: huyu ni wa kuongoza, huyu wa kuongea na wateja, huyu wa kufikiri haraka, huyu wa kuambiwa tu la kufanya. Ukanionyesha orodha. Jina la mwisho kabisa lilikuwa la mwanamke unayemwita Mama Muthoni. Ukasema Jumatatu ya wiki ijayo utaipeleka ofisini, kwa kuwa mtu mmoja lazima apunguzwe, na ni wazi ni nani. Kisha ukaomba uongezewe chai.

Sikukujibu kitu. Ulidhani sikusikia, maana ulirudia kwa sauti kubwa, na mamako akakuambia uniache nipumzike. Nilikuwa nimesikia kila neno. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Tangu siku hiyo chakula hakipiti vizuri, na nimemsumbua mamako kwa swali moja mpaka amechoka nami, ati Wanjiru ameshaipeleka ile orodha ama bado. Leo ni Alhamisi. Nimeamua kuandika kwa mkono wangu, na mamako atazipiga picha kurasa hizi akutumie. Sitaki kukuambia kwa kupiga simu, kwa sababu simu hukatika palepale ninapolikaribia neno lenyewe, na neno lenyewe ni la aibu yangu. Wewe, mjukuu wangu, una jina la marehemu nyanya yako, na kwa utani wetu nakuita mke wangu, lakini leo nakuita mwanangu na sitanii.

Nilikuwa kijana ambaye hajaanza kunyoa ndevu sawasawa. Bendera ya uhuru ilikuwa imepandishwa miaka michache tu kabla ya hapo, na kila mahali walikuwa wanatafutwa vijana waliosoma ili washike kazi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupita vizuri kuliko kijana yeyote wa ukingo wetu wa mto. Wazee wa chama cha ushirika walinijia nyumbani, wakakaa kwa mama yangu, wakasema wananitaka kwenye kiwanda cha kahawa kama karani na naibu wa meneja. Mama alilia kwa furaha. Mimi nilinunua kalamu mbili, moja ya wino wa buluu na moja ya wino mwekundu, nikazipachika kwenye mfuko wa shati, na nakwambia kweli, nilitembea nikizitazama.

Meneja alikuwa Mzee Gathogo, mtu mfupi wa maneno machache, aliyevaa kabuti lake hata jua likiwaka. Chini yake kulikuwa na wafanyakazi kama kumi. Mmoja wao alikuwa mtu wa makamo aitwaye Ndegwa, na kazi yake ilikuwa matangi. Huyu Ndegwa alikuwa mzito wa kusema. Neno lilimkwama mdomoni mpaka uso unakunjamana, na aliyemngoja alijikuta akimmalizia sentensi, mara nyingi vibaya. Shule aliiacha darasa la pili. Ukimuuliza jambo alitazama chini kwanza, muda mrefu, kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Mimi sikuwa na subira naye hata kidogo.

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze kidogo. Mkulima akileta kahawa yake nyekundu kiwandani, humenywa kwa mashine, halafu punje hutiwa kwenye matangi ya saruji zichachuke, ili ule ute unaoteleza utoke. Zikikaa muda mfupi, ute hautoki. Zikikaa sana, zinaoza. Ndegwa alijua wakati wa kuzitoa kwa mkono tu. Alichota punje chache, akazisuuza, akazifikicha kwenye kiganja, akasikiliza zinavyokwaruzana. Halafu, tangi likishamwagwa, hakuliacha. Aliingia ndani na brashi na kijiti chake cha mti mgumu alichokichonga mwenyewe, akawa anachokoa kila pembe na kila ufa, punje moja moja, na foleni ya wakulima inangoja nje na mizigo mgongoni. Nilisimama juu ya tangi na saa yangu ya mkononi nikaona huyu mtu anapoteza wakati wa watu.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Sisi watu wa kahawa tunajua gredi kuliko tunavyojua siku za kuzaliwa za watoto wetu. Kahawa ikifika Nairobi huchekechwa, na punje hupewa herufi kulingana na ukubwa wake. AA ndizo kubwa, halafu AB, halafu C, hivyo hivyo mpaka T, ambazo ni vipande. Ile iliyokauka bila kuoshwa huitwa mbuni, na hakuna anayejivunia. Basi mimi, msomi wa ukingo, nilichukua daftari jipya nikaandika majina ya wafanyakazi wote, na mbele ya kila jina nikaandika gredi kwa wino mwekundu. Mwenye kichwa chepesi, AA. Mwenye mdomo mzuri, AB. Mwenye mikono tu, C. Kulikuwa na kijana mmoja mchangamfu, Kariuki, aliyekuwa anaendesha mashine ya kumenya na kunichekesha siku nzima. Nilimpa AA. Ndegwa nilimwandikia mbuni, nikacheka peke yangu ofisini. Gredi yangu mwenyewe sikuiandika, maana niliona haina haja.

Wiki moja ya Novemba, kahawa ikiwa imeiva yote kwa pamoja na mvua haiishi, Mzee Gathogo aliitwa Kerugoya, dada yake akiwa mgonjwa sana. Aliniachia funguo. Alisimama mlangoni na kabuti lake, akaniambia, "Hii wiki usibadilishe kitu. Wacha kila mtu kwa kazi yake." Nikasema ndiyo, mzee. Kabla basi lake halijafika barabara kuu nilikuwa nimeshafungua daftari.

Nilimtoa Ndegwa kwenye matangi nikampeleka meza za kuanikia, akageuze kahawa juani pamoja na akina mama. Kariuki nikampeleka matangi. Nilimpa saa yangu ya mkononi, nikamwandikia kwenye karatasi saa ya kutia na saa ya kutoa. Mambo yakaenda mbio. Kariuki aliosha tangi kwa ndoo chache za maji, akaimba, akatia kahawa nyingine. Foleni ikapungua. Wakulima wakanisifu, hata mwenyekiti wa chama alipita akanipiga bega. Nilijiona nimegundua kitu ambacho wazee walikuwa hawakijui. Lakini kitabu cha zamu, kile kikubwa cha kiwanda kinachosema nani alifanya kazi wapi, sikukigusa. Niliona ni kazi bure kuandika upya, kwa hiyo kiliendelea kusema kila siku: Ndegwa, matangi.

Siku ya nne Ndegwa alikuja dirishani kwangu. Alikuwa ametoa kofia.

"Ka... karani. Ile tangi ya pili iko na harufu."

"Ndegwa, hapa kila kitu iko na harufu. Hii ni kiwanda ya kahawa."

Akatazama chini, kama kawaida yake. "Hapana. Hii ni... hii ni ingine."

Nikamwambia arudi mezani, mvua inakuja na kahawa haijafunikwa. Akasimama kidogo, midomo ikitafuta neno, halafu akaenda. Nilimwona akivuta turubai juu ya meza bila haraka, na nikaudhika zaidi.

Mzee Gathogo alirudi Jumatatu. Hakuingia ofisini. Alienda moja kwa moja kwenye meza za kuanikia, akachota kahawa, akaponda punje kati ya mawe mawili, akanusa. Akaenda meza ya pili. Akaenda ya tatu. Mimi nilikuwa natazama dirishani. Mwishowe aliniita, akanitia punje zilizopondwa kwenye kiganja. Kwa macho zilikuwa safi na nzuri kabisa. Nilipozileta puani nilitaka kutapika.

"Punje zimebaki kwa tangi," akasema. "Zimeoza huko, zikaharibu zingine. Ukiweka moja kwa kikombe, hiyo kikombe imeisha. Nani alikuwa kwa matangi?"

Mwanangu, hapo ndipo pangekuwa mwisho wa hadithi kama ningekuwa mtu. Lilikuwa swali jepesi, na jibu lilikuwa majina mawili tu, la Kariuki na langu. Nikajisikia nikisema, "Nitaangalia kitabu, mzee." Yeye akanitazama, halafu akatazama upande wa meza alikokuwa Ndegwa, halafu akaondoka. Aliagiza kahawa yote ya wiki ile itengwe pembeni mwa ghala, isichanganywe na nyingine.

Kesho yake kamati ya chama ilikaa. Walikuwa wazee watano na hasira, kwa sababu kahawa ile ilikuwa jasho la ukingo mzima, ikiwemo ya mama yangu. Mimi niliitwa, Ndegwa akaitwa, Gathogo alikaa nyuma. Mwenyekiti akamuuliza Ndegwa ilikuwaje. Ndegwa akasimama. "Mimi siku hizo si... siku hizo nili..." Neno likakwama. Jasho likamtoka. Mwenyekiti akangoja kidogo, akachoka, akanigeukia mimi.

"Karani, kitabu inasema nini?"

Nilifungua kitabu. Nikasoma kilichoandikwa. "Ndegwa, matangi." Nikasoma siku zote, moja baada ya nyingine, na kila siku ilisema hivyo. Sikusema uongo hata neno moja. Nilisoma tu. Nakwambia hili kwa sababu nataka ujue akili inaweza kumfikisha mtu wapi: hapo nilikuwa natumia akili yangu yote, ile yote iliyonipitisha mitihani, na ilinifanyia kazi vizuri kabisa. Wazee walitikisa vichwa. Ndegwa alinitazama mara moja, bila hasira, kama mtu anayeshangaa tu, halafu akakaa. Waliamua aende nyumbani.

Siku zilizofuata sipendi kuzikumbuka. Nilihesabu kichwani ni nani anajua. Kariuki alijua, lakini Kariuki hawezi kusema, maana ni yeye aliyeosha tangi. Akina mama wa mezani walijua, lakini hawakuitwa kwenye kamati, na kwa kawaida hawakuulizwa kitu. Kila mtu akikohoa nje nilishtuka. Mlango ukigongwa nilishika kalamu ili nionekane naandika. Akina mama waliacha kucheka nikipita. Nyumbani mama aliniwekea githeri nikashindwa kula, akakaa mbele yangu na kusema, "Ati Ndegwa ndiye aliharibu? Huyo mtu tangu tujenge hiyo kiwanda hajawahi kuharibu kitu. Labda ni mgonjwa. Kesho nitampelekea maziwa." Nikatoka nje nikasimama kwenye migomba kwa baridi, mpaka aliponiita niingie.

Nilijiambia nitasema. Nitasema kesho. Halafu kesho ikifika nilijiambia kwamba Ndegwa ana shamba lake, hatakufa njaa, na mimi nina maisha mbele yangu. Niliyapanga maneno hayo vizuri sana, kama hesabu, na kila nilipomaliza kuyapanga moyo ulianza kupiga upya.

Siku ya nne tangu kamati ilikuwa siku ya kupokea kahawa. Foleni ilikuwa ndefu mpaka barabarani, na mama yangu alikuwa mmojawapo, na kikapu chake. Ndegwa naye alikuja, kama mkulima mwingine yeyote, gunia mgongoni. Alipima kahawa yake, akachukua risiti, kisha badala ya kwenda nyumbani akaja dirishani kwangu. Nilidhani amekuja kunilaani mbele ya watu. Nilisimama kabisa, niko tayari kusema jambo, sijui jambo gani.

Akapitisha mkono dirishani na kuniwekea kile kijiti chake juu ya meza.

"Karani. Tangi ya pili, upande wa mto, iko na u... iko na ufa. Punje hukaa hapo. Maji haiwezi kuitoa. Tumia hii."

"Kwa nini unaniletea?" nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo.

Akatazama chini muda mrefu. Safari hii nilingoja. "Mama yako ako kwa laini," akasema. "Nimeona kikapu yake. Itaingia hiyo tangi leo."

Akaondoka.

Nilikaa na kile kijiti mbele yangu. Kilikuwa kimelainika mahali pa kushika, na ncha yake ilikuwa imechongwa upya asubuhi ile. Alikuwa amekichonga kwa ajili yangu, ili mimi niliyemfukuzisha nisiharibu tena kahawa ya watu. Niliacha foleni, nikaacha vitabu wazi, nikaenda ghalani alikokuwa Mzee Gathogo, nikamwambia yote, kuanzia daftari na wino mwekundu mpaka nilivyosoma mbele ya kamati. Nilisema haraka haraka, kwa sababu niliogopa nikitulia nitaanza kuyapanga maneno.

Alinisikiliza mpaka mwisho, amekalia gunia.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Siku nilirudi niliangalia mikono. Mtu wa matangi mikono yake huwa nyeupe na imekunjana, ni ule ute inakula ngozi. Ya Ndegwa ilikuwa imekauka, imechomwa na jua. Ya Kariuki ndio ilikuwa inatoka ngozi. Mimi sikuhitaji kitabu."

"Sasa kwa nini ulinyamaza kwa kamati?"

Akajifunga kabuti vizuri. "Nilikuwa nangoja wewe. Kahawa ikifika Nairobi wanaichekecha kwanza, wanasema hii ni kubwa, hii ni ndogo. Hiyo ni rahisi, hata mashine inafanya. Halafu kuna mtu anaionja, na huyo ndiye anasema kama ni kahawa. Wewe ni punje kubwa, Muriithi. Hiyo tulijua tangu shule. Nilitaka kujua hiyo ingine."

Mpaka leo sijui kama alifanya vizuri kungoja. Ndegwa alikaa nyumbani siku zile zote na jina lake likisemwa vibaya sokoni, na Gathogo alikuwa na uwezo wa kulizuia. Miaka mingi baadaye nilimuuliza, akakubali kwamba alikosea, na kwamba alikwenda kwa Ndegwa kumwomba msamaha. Kwa hiyo usidhani nakusimulia habari za mtu mwema asiye na kasoro. Ila lile neno lake la kuchekecha na kuonja lilinishika, na halijaniachia.

Jumamosi ile nilipanda juu ya jukwaa la mizani mbele ya wakulima wote, nikasema. Sitakuandikia nilivyosema, maana sikumbuki. Nakumbuka mvua nyembamba, na mama yangu akiwa mstari wa mbele, akivuta leso mpaka ikamfunika macho. Kamati ilitaka kunifukuza mara moja. Gathogo akawaomba wanipe adhabu nyingine: nishuke kwenye matangi, nifanye kazi chini ya Ndegwa mpaka msimu uishe. Wazee walinung'unika lakini wakakubali. Kuhusu kahawa iliyoharibika hakukuwa na la kufanya. Iliuzwa kwa jina lake halisi, kahawa iliyooza, na watu walipata hasara, na wengine hawakunisalimia kwa miaka. Mama hakunisemesha njia nzima ya kwenda nyumbani. Tulipofika aliniambia nilale mapema, kwa kuwa matangi huanza kazi alfajiri.

Asubuhi ya kwanza Ndegwa alinikuta nimesimama kando ya tangi, sijui nianzie wapi. Hakugusia yaliyopita. Alinishika mkono, akauingiza kwenye kahawa baridi mpaka kiwikoni. "Sikia," akasema. Sikusikia kitu. Siku ya pili sikusikia kitu. Ilinichukua karibu msimu mzima, mwanangu, mimi niliyefaulu hesabu kuliko wote, kujua kwa kiganja kile ambacho yeye alikijua akiwa anawaza mambo mengine. Na nilipojifunza kumngoja amalize sentensi zake, nilikuta ndani yake kuna mambo mengi na marefu. Alijua ni mkulima gani anachuma mbichi na kuzificha chini ya gunia. Alijua mto utajaa lini. Alijua tangu mwanzo kwamba nimemwandika mbuni, kwa sababu Kariuki alilifungua daftari langu akamsomea.

Nilimuuliza kama ilimuuma. Akafikiri. "I... iliniuma," akasema. "Lakini mbuni pia ni kahawa ya mtu." Halafu akanirudishia brashi.

Niliishia kuwa meneja wa kiwanda kile, na unajua nilistaafu nikiwa meneja. Ndegwa alibaki matangini mpaka magoti yalipomshinda, na miaka hiyo yote kahawa yetu haikutoa harufu tena. Kariuki aliacha kazi akaenda kufanya biashara ya mpunga kule Kagio, na alifanikiwa sana, ana majengo. Sitakudanganya kwamba werevu haumpeleki mtu mbele. Unampeleka, na mdomo mtamu pia unampeleka. Alipozeeka alinitembelea, tukakaa hapa, naye akaniambia hajawahi kusimama mbele ya mtu yeyote akasema kosa ni lake, na kwamba sasa anaogopa amechelewa kujifunza. Nilimhurumia, kwa sababu sikuwa mbali na kuwa yeye. Kilichonitoa huko ni kijiti cha mtu mzito wa kusema.

Sasa nakuambia ninachotaka kukuambia, na unisikilize kwa utulivu. Akili ni kitu kizuri, mwanangu. Unayo, na naifurahia. Lakini akili ni ukubwa wa punje tu. Hiyo mashine yenu inaweza kukuambia nani anafikiri haraka na nani ni mpole na nani anapenda watu. Sibishani nayo. Haiwezi kukuambia nani atachokoa ufa ambao hakuna anayeuona, wala nani atasema ni mimi niliyekosea wakati kitabu kinasema ni mwingine. Mtu anayefaulu kweli, ninavyoona baada ya miaka hii yote, ni yule ambaye kazi yake inaweza kuachwa bila kuangaliwa, na ambaye neno lake halihitaji kupekuliwa. Haya mawili hayana herufi. Na mtu anaweza kujifunza, hata akiwa amezaliwa na kiburi kama changu.

Mama Muthoni simjui. Labda kweli kazi imemshinda, na labda ukimwangalia vizuri utakuta yeye ndiye wa kupunguzwa. Sikuambii umbakize kwa huruma. Nakuambia kwamba wewe pia humjui. Mamako alikuuliza Jumapili anafanya kazi gani hasa, ukamwambia yuko mwisho wa laini ya kupakia, sijui anafanya nini pale, anachelewesha masanduku. Hilo neno ndilo lililoninyima usingizi. Nenda ukasimame hapo mwisho wa laini kabla ya Jumatatu. Usiende na simu. Mwangalie mikono. Muulize swali moja, halafu ungoje, hata akitazama chini, hata kama wengine wanakuita. Kama anachelewesha masanduku, ujue anayachelewesha kwa nini.

Na kama umeshaipeleka ile orodha, rudi ofisini ukaiombe. Watakucheka. Watasema Wanjiru hajui anachotaka, na utaona aibu kama nilivyoona mimi. Nenda hivyo hivyo. Mimi nilichelewa siku nne, na siku hizo nne ndizo ninazozijutia kuliko miaka yote niliyoishi.

Nakubariki kwa mikono hii iliyochelewa kujifunza. Mungu akupe watu wa kuwasimamia, na akupe macho ya kuwaona. Ulimi wako uwe mwepesi pale ambapo kosa ni lako, na uwe mzito pale unapotaka kumhukumu mwenzako. Ukizeeka, uweze kula chakula chako bila kushtuka mlango ukigongwa.

Mamako anasema picha zikikufikia tutaona alama mbili kwenye simu yake. Nitakaa hapa karibu naye nikiziangalia. Ukishasimama hapo mwisho wa laini, nipigie, uniambie umeona nini.